Sailensa si Pambo

Mhariri, nipe ukumbi katika gazeti letu la mwaka huu nami nitoe dukuduku langu. Najua wenzangu wa chama wameandika juu ya mitihani, juu ya simu za mkononi na juu ya mapenzi ya shuleni, na hayo yote yana mahali pake. Langu mimi ni la ekzosi. Naam, ekzosi, lile bomba la kutolea moshi chini ya gari. Wanaocheka na wacheke kwanza, wakimaliza tuendelee.

Msimamo wangu niuseme mapema nisije nikampotezea mtu wakati. Kumshauri mwenye gari atoe sailensa aweke bomba tupu ni kosa, na kuendesha gari lenye ekzosi iliyotoboka ni hatari kubwa kuliko tunavyodhani huku mitaani. Tena nasema kwamba kubadilisha ekzosi ya gari kuukuu ni kazi inayoweza kufanyiwa nyumbani, hata na msichana wa Kidato cha Tatu. Sisemi kwa kusikia. Nimeifanya kwa mikono hii hii ninayoandikia.

Sisi ni watu wa Buruburu. Asiyeijua Buruburu aelewe kwamba nyumba zake zilijengwa kwa awamu katika miaka ya 1970 na mwanzo wa ile ya 1980, nazo zimepangwa kwa vikundi vilivyozunguka uwanja mdogo. Vikundi hivyo tunaviita korti, ingawa hakuna hakimu. Ndani ya korti sauti haina pa kwenda. Mtoto akilia nyumba ya kwanza, wa nyumba ya mwisho wanajua amenyimwa nini.

Mjomba wangu, ndugu yake mama, anaishi nasi na ana Land Rover. Si haya magari ya kisasa yenye redio ya kuongea. Ni Series III, ile ndefu ya inchi 109, pikapu yenye turubai nyuma, injini ya petroli ya lita 2.25. Mjomba husema gari lake ni mzaliwa wa Thika, maana zilikuwa zikiunganishwa pale katika kiwanda cha Leyland kilichoanzishwa mwaka wa 1974. Kwa gari hilo yeye hufuata maembe na machungwa Makueni, kwenye njia ambazo gari dogo likiingia hutoka kwa kuvutwa, kisha huja kuyauza Marikiti. Karo yangu ya muhula uliopita ilitoka kwenye maembe hayo. Kwa hivyo msidhani nalidharau gari lile.

Mwaka juzi sailensa ilioza. Mjomba akaenda kwa fundi mmoja wa kando ya barabara. Fundi akainama, akachungulia, akasema, "Mzee, hii sailensa inakula nguvu ya gari bure. Wacha tuitoe, gari lipumue." Akaikata, akachomelea kipande cha paipu tupu. Tena hakukifikisha hadi nyuma. Alikiacha kikiishia chini ya bodi, karibu na pale abiria anapokalia. Bei ilikuwa nafuu, na Mjomba akarudi nyumbani ameridhika.

Alfajiri yake, saa kumi na nusu, aliwasha gari. Wee! Nilidhani ni mwisho wa dunia. Vioo vya dirisha vilitetemeka. Mbwa wa korti tatu jirani walijibu. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kila alfajiri ya soko kwa miezi kadhaa. Kuna jirani yetu nesi ambaye hufanya zamu ya usiku, kuna wazee, kuna mtoto mchanga. Mwishowe kamati ya korti ikaja kwa heshima na barua. Mjomba alipewa hadi mwisho wa mwezi atengeneze gari au akaliegeshe nje, kando ya barabara ya Mumias South. Kila mtu wa Eastlands anajua maana ya kuegesha nje. Gari hulala na taa likaamka bila, nawe ukaenda Grogan kununua taa zako mwenyewe.

Lakini kelele pekee hazingenifanya nishike kalamu. Kilichonifanya ni kitinda mimba wetu.

Yeye hupenda sana kusafiri na Mjomba siku za Jumamosi. Safari ya kwanza baada ya ile kazi ya fundi, alirudi akilalamika kichwa. Mama akasema ni jua. Safari ya pili alitapika. Mama akasema ni maembe mabichi, na kwa kweli alikuwa ameyala. Safari ya tatu ilikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha, wamefunga vioo vyote. Walipokaribia Salama, katika barabara ya Mombasa, Mjomba alimwambia kitu asijibiwe. Akadhani amelala. Akamtikisa. Mtoto alifungua macho lakini hakujua yuko wapi, na shingo haikukaa. (Jina la mahali pale sitalisahau.) Mjomba mwenyewe kichwa kilikuwa kikimgonga. Alisimamisha gari, akamtoa nje kwenye mvua, na baada ya kitambo mtoto akatapika, akaanza kulia. Mjomba anasema hajawahi kufurahia kilio cha mtoto kama siku ile.

Kwenye zahanati daktari hakuanza na kipimo cha malaria. Alisikiliza, kisha akauliza, "Mlikuwa na gari gani?"

Sisi sote tunaijua habari ya jiko la makaa. Kila mwezi wa saba baridi ikikaza Nairobi husikia watu wameingiza jiko ndani, wakafunga dirisha, wakalala wasiamke. Kinachoua pale ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye mapafu hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo damu inazunguka lakini haibebi uhai. Basi injini ya petroli kama ile ya Mjomba hutoa hewa hiyo hiyo kwa wingi. Bomba la ekzosi kazi yake ya kwanza ni kuichukua hewa ile na kuitupa nyuma kabisa ya gari, mbali na pua za watu. Ukilikata katikati, hewa inabaki chini ya sakafu. Na sakafu ya Land Rover kuukuu, jamani, ina matundu. Tulikuwa tumemweka mtoto juu ya jiko lenye magurudumu.

Sasa turudi kwa hoja ya fundi, kwamba sailensa inakula nguvu. Sitamkejeli, maana kuna chembe ya ukweli. Sailensa iliyoziba kwa masizi na kutu huizuia injini kupumua, na gari huwa zito. Lakini dawa ya sailensa iliyoziba ni sailensa nyingine. Ndani yake mna vyumba na vibomba vyenye vitundu vidogo, sauti inapogonga huku na huku inajimaliza yenyewe huku moshi ukipita. Injini ile ina nguvu za farasi kama 70 tu. Ukiitoa sailensa hutapata farasi wa kupanda mlima, utapata farasi wa kupiga kelele. Mjomba mwenyewe alikiri kwamba gari halikuongeza mwendo hata kidogo, ila yeye alijihisi anakwenda kasi.

Basi tukaamua kuiweka upya. Bomba la mbele, lile linaloshuka kutoka kwenye manifoldi, tulilipata barabara ya Kirinyaga, ambako wazee bado wanapaita Grogan kwa jina la zamani. Sailensa na mabomba ya nyuma tuliyatengenezesha Kariobangi Light Industries. Mjomba alibeba mabomba ya zamani ya gari la rafiki yake yawe kipimo, na mafundi wale walikunja bati, wakachomelea, wakatupa kitu kilichokaa sawasawa. Nawavulia kofia. Yote pamoja na gasketi, klampu na nati mpya yaligharimu shilingi elfu tisa na ushei.

Ikabaki kuifunga. Mjomba mgongo wake haulali chini tena. Binamu zangu wavulana walikuwa na mechi. Nikasema nitaingia mimi.

Mama akashika kiuno. "Msichana mzima utatambaa chini ya gari, majirani wanaangalia?"

"Mwache, dada," Mjomba akasema. "Mafuta hutoka kwa sabuni."

Niliingia saa tatu asubuhi. Niwaambie walionunua magari ya chini chini kwamba hapa ndipo Land Rover inapowashinda, maana iko juu, huhitaji jeki. Unatandika katoni, unateleza ndani kama barua chini ya mlango. Ila Mjomba hakuniruhusu kuingia hadi gari limetiwa gia ya kwanza na mawe yamewekwa mbele na nyuma ya magurudumu. Nikauliza, si kuna handbreki? Akanieleza jambo ambalo sikulijua. Handbreki ya gari lile haishiki magurudumu, hushika shafti inayotoka kwenye giaboksi. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, gari linaweza kuviringika ijapokuwa handbreki imevutwa. Watu wameumia hivyo. Na gari lolote lililoinuliwa kwa jeki peke yake, bila stendi imara, usiingize chini hata mkono. Wala usitumie mawe ya kujengea badala ya stendi, maana hupasuka bila kutoa habari.

Nilivaa miwani ya kuazima, maana kutu huanguka machoni kama unga. Nati tulikuwa tumezilowesha dizeli tangu jana yake. Nyingine zilifunguka kwa upole, nyingine nilizikata kwa msumeno wa chuma mpaka mkono ukawa hauna hisia. Zile za kwenye manifoldi ndizo zenye kiburi. Ya kwanza ilitoka. Ya pili ilitoka. Ya tatu nikaweka spana, nikavuta, nikavuta tena, ikasema tak! Nikafurahi nikidhani imelegea. Kumbe stadi imekatika, kipande kimebaki ndani ya manifoldi.

Nilikaa kule chini nikitamani kulia. Mjomba alikalia ndoo, akanyamaza kwa muda, kisha akasema hata yeye amewahi kukata mbili kwa siku moja. Tukamwita mmoja wa wale mafundi wa Kariobangi. Akaja na mashine yake, akatoa betri ya gari kwanza, akaweka gunia bichi kukinga cheche, akachomelea nati juu ya kile kipande kilichobaki, akaizungusha kwa spana kikatoka kama kizibo. Kazi ya dakika kumi, lakini tokeni za stima zilituishia katikati, ikabidi tuchangishane. Angekuwa mtu wa papara angeitoboa manifoldi kwa drili, na manifoldi ya gari lile si ya kuokota.

Baada ya hapo kazi ilikuwa ya raha. Gasketi mpya, kisha nati za shaba badala ya chuma, kwa sababu shaba haigandani na stadi kwa kutu, na mwenye kuifungua miaka kumi ijayo hatanilaani. Siri aliyonifunza Mjomba ni kwamba usikaze kitu chochote kwanza. Unaning'iniza bomba lote kuanzia mbele hadi nyuma, klampu zikiwa zimelegea, unasogeza hadi lisiguse chasisi wala bomba la breki wala tangi, ndipo unakaza ukianzia kwenye manifoldi ukirudi nyuma. Mimi nilikuwa nimeanza kwa kukaza, nikalazimika kufungua tena. Na vishikizo lazima viwe vya raba. Wengi hufunga ekzosi kwa waya, wakashangaa mbona inapasuka kila mara. Injini hutikisika, na bomba linataka kucheza nayo kidogo. Sisi tulikata vipande vya tairi kuukuu. Mdomo wa bomba tukautoa nje kabisa, nyuma ya bodi.

Tulipowasha, nilipaka povu la sabuni kwenye viungo kabla havijapata moto. Pale panapovuja, povu hufura. Kiungo kimoja kilifura, nikakikaza. Kisha mafuta ya mikono yangu yaliyokuwa juu ya bomba jipya yakaanza kuungua, moshi ukatanda, Mama akatoka jikoni mbio na sufuria ya maji. Ilikuwa saa kumi na moja jioni.

Sasa niwajibu wapinzani, maana nilipolizungumza jambo hili katika mdahalo wa chama nilishambuliwa pande zote.

Wa kwanza walisema nawanyang'anya mafundi riziki yao. Hebu tuhesabu. Muuzaji wa Grogan alilipwa, mafundi wa bati wa Kariobangi walilipwa, wa kuchomelea alilipwa nauli na kazi. Aliyekosa ni yule wa kukata na kuweka bomba tupu, na huyo akikosa mimi sina kilio. Wala sisemi kila kitu kifanyiwe nyumbani. Breki sitagusa, na usukani sitagusa, hadi nifunzwe.

Wa pili walikuwa wapenzi wa nganya. Hapa naona haya kidogo, kwa sababu mimi pia nganya ikipita Jogoo Road ikinguruma moyo huruka. Lakini ngurumo ya saa nane mchana barabarani si ngurumo ya saa kumi usiku chini ya dirisha la mtoto mchanga. Isitoshe, nchi yetu ina kanuni za kelele tangu 2009, chini ya sheria ya mazingira. Hazikuwekwa kwa ajili ya makanisa na vilabu tu. Wenye magari nao wamo.

Wa tatu alikuwa kijana mmoja mwerevu aliyesema, ekzosi ni chuma, kikitolewa kinauzwa, kwa nini kioze bure? Ndugu yangu, hapo umegusa donda. Magari ya siku hizi yana kifaa ndani ya ekzosi kinachoitwa katalaiza. Ndani yake mna madini ya platini, paladi na rodi, ya thamani kubwa, na kazi yake ni kuibadili ile kaboni monoksaidi kuwa hewa isiyoua kabla haijatoka. Zamani kisingesaidia hapa kwetu kwa sababu petroli ilikuwa na risasi, na risasi hukiharibu. Kenya iliacha petroli yenye risasi ilipoanza 2006. Yaani tulipofikia hatua ya kukitumia, watu wakaanza kukiuza! Mwenye gari anapeleka kufanyiwa sevisi, anarudishiwa gari lenye bomba tupu pale katikati, wala hajui. Wengine wanajua, wanagawana pesa. Land Rover ya Mjomba haikuzaliwa na kifaa hicho, hiyo ni bahati mbaya ya umri wake. Aliyezaliwa nacho akakiuza ana udhuru gani?

Kuna na jambo la lugha, nalo ni la chama chetu hasa. Mwalimu mlezi aliposoma makala haya mara ya kwanza aliniuliza mbona situmii neno dohani, ambalo ni bomba la moshi tangu zamani, lenye asili ya Kiarabu. Nalipenda neno hilo. Lakini ningeenda Grogan nikaomba dohani ya Land Rover ningeulizwa kama najenga nyumba. Nani kati yetu anajua Kiswahili cha spana? Tumekariri majina ya vitoto vya wanyama wote, hata wale ambao hatutawaona, ila chini ya gari tumekuwa mabubu. Mimi naona maneno ya mafundi, gasketi, klampu, stadi, yameshafanya kazi ya kutosha kustahili kuingia kwenye insha bila kuombewa ruhusa. Mwalimu hakukubali kabisa, lakini hakuyafuta.

Jumatatu iliyofuata Mjomba aliondoka saa kumi na nusu kama kawaida. Nesi wetu alirudi kutoka zamu saa moja asubuhi, akamkuta Mama akifagia, akamuuliza kwa sauti ya chini kama mzee ameuza gari. Barua ya kamati bado tunayo, iko nyuma ya redio.

Kitinda mimba ameruhusiwa kusafiri tena, ila kwa sharti la kioo kuwa wazi, mvua inyeshe isinyeshe, kwa sababu sakafu bado ina tundu upande wake. Hiyo ndiyo kazi ya likizo ya Agosti. Mwenye kipande cha bati nene, hata kama kina rangi mbaya, anitafute darasani kabla ya shule kufungwa.